Kitochi, Simu Janja Mpya, Mtumba wa Dubai au Kishikwambi: Uchukue Ipi?

Shangazi yangu anauza samaki Feri, Dar es Salaam. Mwaka jana wanawe walichanga wakamnunulia simu ya kupapasa, kioo kikubwa, kamera tatu mgongoni. Wiki mbili hazijaisha nikamkuta ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuizamisha chini ya mkoba. Mkononi ana kitochi chake cha siku zote, kile ambacho namba tano na namba nane zimefutika kwa kubonyezwa.

“Shikamoo shangazi. Vipi simu mpya?”

“Marahaba mwanangu. Ile simu ina maringo. Mkono ukiwa na maji haisikii, ukiwa na magamba ndiyo kabisa. Mteja anapiga, mimi napapasa, napapasa, mpaka anakata anampigia wa meza ya pili.”

Simu yenyewe nzima, haina kasoro. Wanawe waliangalia kamera, wakaangalia rangi, wakaangalia bei. Mikono ya mama yao hakuna aliyeiangalia.

Nilikaa miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya duka la simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na mpaka leo ndugu na majirani wananipigia na swali lilelile: ninunue ipi? Siku hizi siwatajii jina la simu. Nawawekea mezani vifaa vya aina nne, kisha nawauliza habari za siku yao. Bei nitakazotaja ni makadirio ya Dar es Salaam, na zinapanda na kushuka kila mzigo mpya ukiingia.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni chaji. Usiulize tu betri ina ukubwa gani, uliza wewe unachajia wapi: nyumbani, kwenye sola, au kibandani kwa kulipia. Cha pili ni kazi. Taja mambo matatu unayoyafanya na simu kila siku, na uwe mkweli, maana wengi hutaja wanayotamani kuyafanya. Cha tatu ni fundi: ikianguka leo, kioo chake kinapatikana mji unaoishi au mpaka kiagizwe? Cha nne ni umri, yaani itapata masasisho hadi lini na programu unazozitegemea zitaikubali hadi lini. Cha tano ni gharama yote. Bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Kuna kava, protekta, bando, na kile kioo cha kwanza kitakachopasuka.

Jina la kampuni limebaki nje kwa makusudi. Nimeona kampuni moja ikitoa simu nzuri na simu ya hovyo mwaka mmoja.

1. Kitochi

Wengine wanakiita kiswaswadu, na Wakenya wana “mulika mwizi” na “kabambe”. Nokia 1100, iliyotoka 2003 na tochi yake kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na vitochi vingi vya leo ni wajukuu zake. Vipya vinapatikana kati ya shilingi 25,000 na 60,000.

*Chaji.* Hapa hakina mpinzani. Betri ya BL-5C, ambayo vitochi vingi vinaitumia au kuiiga, ina mAh 1,020 tu (mAh ndicho kipimo cha ukubwa wa betri), lakini kioo kidogo na kazi chache zinaifanya ikae siku kadhaa. Tena inachomoka. Mawakala wa pesa wengi wanatembea na betri ya akiba mfukoni, moja ikizima wanabadilisha mteja akiwa amesimama palepale.

*Kazi.* Kupiga, kupokea, ujumbe, redio, tochi. Na pesa: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya, bila bando hata kidogo. Umeme wa LUKU unanunua, ada unalipa. Vidole vyenye unga, saruji au maji ya samaki havikisumbui. Kinapokwama ni WhatsApp, na hilo si dogo siku hizi ambapo taarifa za shule zinatumwa kwenye kundi la wazazi. Vilikuwepo vitochi vya mfumo wa KaiOS vilivyoipokea WhatsApp, ila tangu katikati ya 2024 haipakuliwi tena humo. Ukikuta muuzaji bado anakinadi kitochi kwa neno “WhatsApp”, mwambie aifungue mbele yako.

*Fundi.* Yeyote, popote, hata yule wa kwenye mwavuli stendi. Mara nyingi kununua kingine ni nafuu kuliko kutengeneza.

*Umri.* Kifaa chenyewe hakizeeki haraka. Kinachoweza kuzeeka ni mtandao. Nchi kadhaa duniani zimeshaanza kuzima 2G na 3G, mitandao ya zamani. Ukikuta kitochi cha 4G kwa nyongeza ndogo, chukua hicho.

*Gharama yote.* Karibu ni ile ya dukani tu. Lakini kuna hatari moja ambayo kitochi hakikukingi nayo: ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” unaingia humo sawasawa na kwingine.

Kinawafaa wenye kazi za mikono, wazee wasiotaka usumbufu, wa mbali na umeme, na yeyote anayetaka laini ya pesa ikae mbali na simu ambayo watoto wanachezea gemu.

2. Simu janja mpya ya bei ya kawaida

Hapa ndipo walipo Tecno, Infinix na itel, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya China, Transsion, pamoja na Redmi na Samsung za Galaxy A. Zinaanzia kama shilingi 200,000, na ukifika 450,000 unakuwa na uchaguzi mpana.

*Chaji.* Nyingi zina mAh 5,000. Mtu wa kawaida anamaliza nayo siku, anayekesha kwenye video hamalizi. Chaja ya Type-C imeenea, kwa hiyo ukiisahau yako utaazima.

*Kazi.* Karibu kila kitu, na mara nyingi kwa laini mbili. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopigwa kwa namba za kwenye boksi. Ukiona “RAM GB 8” (RAM ni kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi) kwa bei ya kushangaza, soma maandishi madogo: mara nyingi ni 4+4. Nne ni za kweli, nne nyingine zimekopwa kwenye uhifadhi, na uhifadhi hauna mbio za RAM. Ni sawa na daladala iliyoongeza viti vya plastiki katikati. Watu wengi wanapanda kweli, ila hakuna aliyekaa vizuri. Mimi nashauri RAM ya kweli isipungue GB 4 na uhifadhi GB 128. Simu ya GB 32 itajazwa na video za kundi la ukoo kabla ya Idi ijayo, halafu utaanza kuchagua ufute picha za harusi au za mtoto.

Kamera nayo usiipime kwa idadi ya macho ya mgongoni. Mengine ni pambo. Piga picha ya mtu mwenye ngozi kama yako ndani ya duka, mbali na mlango, uitazame. Transsion walijipatia jina Afrika kwa kurekebisha kamera zao zitoe ngozi nyeusi vizuri, na tofauti hiyo unaiona kwenye mwanga hafifu kuliko juani.

*Fundi.* Vioo vya zilizouzwa sana vipo mpaka wilayani. Toleo lisilo na wenzake mtaani liogope, hata likiwa zuri.

*Umri.* Ndio udhaifu wa kundi hili, ingawa mambo yanabadilika. Galaxy A16 ya 2024 iliahidiwa masasisho ya miaka sita, ahadi ambayo zamani ilikuwa ya simu za mamilioni. Nyingi za bei ya chini hupewa machache, na nyingine hazielezi kabisa. Muulize muuzaji swali hilo uone uso wake.

*Gharama yote.* Kama unalipa taslimu, ongeza kava na protekta, basi. Kama ni mkopo, chukua kalamu. Kenya, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom ulianza 2020 kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku, na mipango ya namna hiyo imewafikisha wengi kwenye simu yao ya kwanza ya 4G. Zidisha kiasi cha siku kwa siku zote, jumlisha na kianzio, ulinganishe na bei ya taslimu. Halafu ukumbuke kwamba simu nyingi za mkopo hujifunga usipolipa, na hujifunga siku ambayo mambo yako yameshaharibika.

Inamfaa anayeingia kwenye simu janja kwa mara ya kwanza, mfanyabiashara mdogo wa mtandaoni, dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu, na mtu anayetaka risiti na dhamana ya duka kuliko jina.

3. Simu kubwa ya mtumba

Ndiyo ile “used kutoka Dubai”: iPhone, Galaxy za S, Pixel za Google. Kwa fedha ya simu mpya ya kawaida, au ukiongeza kidogo, unapata kifaa kilichokuwa cha tajiri miaka mitano iliyopita.

*Chaji.* Usitarajie makuu. iPhone 11 ilizaliwa na mAh 3,110, na Apple wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Simu iliyotumika miaka mitatu imeshaipita hiyo. Hesabu betri mpya kwenye bajeti tangu mwanzo.

*Kazi.* Hapa ndipo inapokushinda moyo. Kamera, sauti, kasi, kioo. Simu mpya ya laki tatu haiigusi. Kwa anayerekodi video za biashara yake au za harusi, tofauti inaonekana kwenye picha ya kwanza. Ila usidanganywe kuhusu maji. iPhone 11 ilipotoka kiwandani ilihimili mita 2 kwa dakika 30. Ikishafunguliwa na fundi, gundi ile haipo tena.

*Fundi.* Vipuri vipo tele mijini, bandia vingi kuliko vya asili. Kwenye iPhone XR, XS na zilizofuata kuna pa kuchungulia: tangu iOS 15.2 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone), ukifungua mipangilio, sehemu ya Kuhusu, inakuonyesha kama betri imebadilishwa na kama iliyowekwa inatambulika. Kwa iPhone 11 na kuendelea inakuonyesha kioo pia.

*Umri.* Huhesabiwi tangu uliponunua wewe, unahesabiwa tangu ilipotoka. iOS 26 ya 2025 iliziacha iPhone XR na XS na kuanzia na 11. WhatsApp nayo tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 au zaidi, kwa hiyo iPhone 6 unayoiona inang’aa mezani imeshakuwa kamera yenye redio ya simu. Upande wa pili, Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ziliahidiwa miaka saba, hivyo hata ukizinunua zimetumika bado zina maisha.

*Gharama yote.* Hapa nina kovu. Niliwahi kununua iPhone kwa muuzaji ambaye simtaji, ng’avu, na boksi lake. Niliitumia miezi mitatu. Siku nilipoifuta yote ili nimpe mdogo wangu, ikawaka na kuomba barua pepe na neno la siri la mtu nisiyemjua. Akaunti ya mwenyewe wa kwanza ilikuwa humo siku zote, na mimi, mtu wa kaunta, sikufungua mipangilio kutazama jina. Muuzaji kahama, namba haipatikani. Mdogo wangu akapata jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke, la shilingi laki tano.

Tangu hapo sitoki dukani bila kufanya haya, kwa utaratibu huu. Napiga *#06#, nalinganisha tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na za kwenye boksi na za kwenye mipangilio. Naituma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 kwa Tanzania (Kenya ni 1555) ili nijue ni simu gani hasa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016, na walioamka hawana mtandao asubuhi ile hawakurudishiwa hela. Kisha naomba ifutwe yote mbele yangu, iwashwe upya, niingize akaunti yangu mwenyewe mpaka ifike mwisho. Muuzaji akisema “utafanya nyumbani bosi”, naaga. Naweka laini yangu, nampigia mtu, namuuliza ananisikiaje, maana kuna simu zilizofungwa kwenye mtandao wa nchi zilikotoka. Na kama ni iPhone 14 au mpya zaidi, natazama ubavuni: zilizouzwa Marekani tangu 2022 hazina tundu la laini, zinatumia eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Muulize mtandao wako kuhusu eSIM kabla hujalipa.

Inamfaa anayeijua simu, mwenye fedha ya betri kando, na ambaye kamera kwake ni kitendea kazi. Kama ndiyo simu yako pekee na uko mbali na fundi wa kuaminika, fikiri mara mbili.

4. Kishikwambi

Ndiyo tableti. Neno hili lilizoeleka kwa Watanzania wengi kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo badala ya makaratasi. Baadaye vingi vikaenda kwa walimu.

*Chaji.* Betri ni kubwa, kujaza ni taratibu. Kwenye paneli ndogo ya sola utaisubiri mpaka jua litue.

*Kazi.* Kusoma. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayefungua mitihani ya nyuma kwenye kioo cha inchi 10 anasoma; kwenye simu anavuta, anakuza, anachoka, anahamia kwenye video za kuchekesha. Kinafaa pia kujaza fomu, kuonyesha wateja bidhaa, na mikutano ya mtandaoni. Ila watu wananunua bila kujua kwamba vingine ni vya Wi-Fi tu, na kwamba hata vyenye tundu la laini si vyote vinapiga simu. iPad yenye laini haipigi simu ya kawaida, wala menyu ya *150*00# haifunguki humo.

*Fundi.* Kioo ni ghali na matoleo ni mengi. Nunua kava nene siku hiyohiyo.

*Umri.* Vya kampuni kubwa vinadumu. iPad ya kizazi cha 8, ya 2020, ilipokea iPadOS 26. Vile vya watoto visivyo na jina, boksi limeandikwa GB 256, nisingevigusa.

*Gharama yote.* Kuanzia kama shilingi 300,000 kwa kitu cha maana, na bando litaliwa, kwa sababu video kwenye kioo kikubwa inatafuta ubora mkubwa.

Kinamfaa mwenye simu tayari. Kama kifaa cha kwanza na cha pekee, kwa mazingira yetu, hapana.

Sasa, kwa hali yako

*Unafanya kazi mikono ikiwa na maji, mafuta au vumbi.* Kitochi kiwe cha kazi. Shangazi tulimalizana hivyo: kitochi kifuani ndani ya khanga, laini ya pesa humo. Ile ya kupapasa inakaa nyumbani, na jioni akishanawa mikono anazungumza kwa video na binti yake aliyeko Muscat.

*Huna umeme wa uhakika lakini WhatsApp ni lazima.* Simu janja mpya ya mAh 5,000 na power bank ya mAh 10,000. Usitarajie itaijaza mara mbili kamili, umeme mwingine hupotea njiani.

*Unauza nguo au vyakula mtandaoni.* Mtumba wenye kamera nzuri ukiwa mjini na una fundi. Ukiwa wilayani, mpya ya bei ya kati.

*Una laki mbili tu na hutaki mkopo.* Simu janja mpya ya chini kabisa itakusumbua kwa kuganda. Jaribu kufungua programu tano mfululizo pale dukani. Ikiganda mikononi mwako ikiwa tupu, usitegemee kitu ikijaa. Kama zote zinaganda, kitochi cha 4G kwa sasa, na nyingine iwekwe kibubu.

*Mtoto yuko sekondari.* Kishikwambi cha nyumbani, kisichotoka mlangoni, kikitumia intaneti ya simu ya mzazi. Ukikizima, kimezimika.

*Mzazi wako kijijini anataka kukuona uso.* Mpe simu janja mpya na umwachie kitochi chake. Usikichukue kwa kumsaidia. Atakapokosea kwenye ile mpya, atakupigia kwa kile cha zamani.

*Uko Ughaibuni unanunua ya kutuma nyumbani.* Hakikisha haijafungwa mtandao, ina tundu la laini, na kioo chake kinauzwa huku. Toa akaunti yako kabla ya kuifunga kwenye bahasha. Na kava, tafadhali, lije nalo. Simu nyingi za zawadi nilizoletewa dukani kwa matengenezo zilipasuka kwenye wiki ya kwanza, wakati kava bado linatafutwa.